Detekta: shusha mchujo, fungua masikio (nilichojifunza Kongwa)

ChomeleaDom (mwanzisha uzi)

Wakuu, mbukwa.

Kila uzi wa detekta (mashine ya kutafuta metali ardhini) humu unaanza na "ninunue ipi" na unaishia kwenye bei. Leo bei siisemi. Nina jambo moja tu: kile kitufe cha kuinyamazisha mashine isikusumbue na vyuma ndicho kinachokunyima mali. Kwenye kitabu cha mashine kinaitwa diskriminesheni, mimi na wenzangu huku tunakiita mchujo. Wengi tunakipandisha juu kabisa kwa sababu hakuna anayetaka kushinda juani akichimba misumari. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Kazi yangu ni kuchomelea mageti hapa Dodoma mjini. Siku za mapumziko naenda Kongwa kwa mjomba na mashine yangu. Kwa wasiopajua, Kongwa ndiko Waingereza walikoanzisha ule mradi wa karanga mwaka 1947. Walileta mabuldoza na matrekta, mengine vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta, wakaanza kung'oa mibuyu. Udongo ukawashinda, mvua ikawakatalia, kufikia 1951 mradi ukafungwa. Karanga hazikubaki, chuma kilibaki. Shambani kwa mjomba ukipiga jembe mara tatu umekutana na bolti, waya, kipande cha mnyororo au msumari wa sanduku.

Siku mbili za kwanza nilitembea na mchujo juu. Kimya. Nikamwambia mjomba shamba lako halina kitu. Siku ya tatu nilipokuwa nakula, mtoto wake wa darasa la nne akaichukua mashine akabonyezabonyeza. Niliporudi ikawa inanguruma kila hatua, grrr, grrr, grrr, kama nguruwe kaingiliwa zizini. Nikakuta mchujo umeshuka hadi sifuri. Nikanyoosha kidole niurudishe, na hapohapo katikati ya ule mngurumo nikasikia kitu kama kifaranga: kri! Kifupi mno, kikapotea.

Nikarudisha koili (ile sahani ya chini ya mashine inayopita juu ya udongo) polepole. Grrr-kri-grrr. Nikazunguka robo duara nikapitisha kwa upande mwingine. Kri bado ipo, palepale.

Nilichimba kama sentimita kumi na tano. Ukatoka msumari wa inchi nne ulioliwa na kutu, nikasonya. Lakini nilipopitisha koili juu ya shimo, mngurumo haukuwepo tena. Ulibaki mlio mmoja wa juu, safi, wa duara. Chini kidogo ya pale msumari ulipolala kulikuwa na kisahani cha kijani. Nikakitemea mate na kukisugua kwa kidole gumba (kosa hilo, msiige, unaikwaruza sarafu). Likatokea taji, kisha DEUTSCH OSTAFRIKA, kisha 1908. Heller moja ya Mjerumani.

Sasa sikilizeni. Nikairudisha ile heller shimoni, nikalaza msumari juu yake kama nilivyoukuta, nikafukia, nikapandisha mchujo hadi pale ulipokuwa jana yake. Nikapita mara kumi. Kimya kitupu. Maana yake siku mbili zile huenda nilishaikanyaga.

Sababu yake ni hii kwa ninavyoielewa. Koili inatuma uga wa sumaku ardhini, metali inajibu, na mashine inasoma jibu hilo. Msumari na sarafu vikikaa pamoja, mashine haipati majibu mawili, inapata moja lililochanganyika. Likielemea upande wa chuma, mchujo unalizima lote, sarafu ikiwamo. Tena baada ya kuzima, mashine inahitaji kitambo kidogo ipumue ndipo isikie kinachofuata. Ukiwa unafyeka koili kama unakata majani, sarafu inapita ndani ya kitambo hicho. Kwa hiyo mchujo hauzunguki chuma ukakuonyesha kilichojificha nyuma yake. Unakuziba masikio tu.

Nashusha nondo za milio baadaye, nina geti la mtu hapa.

---

DomLand

Nimekaa mkao wa kula. Ila mkuu, mchujo sifuri kwenye shamba kama hilo si utachimba misumari mpaka ukome? Mimi mgongo wangu siuamini.

---

ChomeleaDom

Mkuu DomLand, kusikia vyote si kuchimba vyote. Hapo ndipo watu wanapochanganya. Mchujo ukiwa chini, kazi ya kuchagua inatoka kwenye mashine inakuja kwenye sikio lako, na sikio lina akili kuliko kile kitufe.

Haya ndiyo ninayoyasikiliza:

Msumari uliolala una mngurumo katikati, lakini ncha zake zinaweza kutoa mlio wa juu wa kukudanganya. Zunguka robo duara upite tena. Kama ule mlio mzuri umehama sehemu au umekufa, huo ni msumari, endelea na safari. Kama umebaki palepale, hata kama umekatika nusu, chimba.

Kizibo cha soda ndicho mwizi mkubwa. Ni chuma bapa cha duara, na duara hulia kama mali. Washa ya bolti nayo ni hivyohivyo, hata kiatu cha chuma cha farasi. Ila sikiliza kingo za mlio. Wa kizibo una mikwaruzo, kama mtu anaongea na kikohozi. Wa sarafu unaanza na kuisha laini. Vuta koili pembeni hadi ukingo wake tu ndio upo juu ya kitu: kizibo mara nyingi kinaanza kunguruma, sarafu haigeuki.

Halafu kuna kelele kubwa. Wageni wanazipenda. Ukisikia mlio mpana, mkali, nyanyua koili hadi usawa wa goti. Kama bado inalia, ni kitu kikubwa, na Kongwa kitu kikubwa ni bamba la trekta. Mimi nafuata minong'ono. Sarafu iliyokaa chini miaka mia haipigi kelele.

Namba za kwenye kioo naziangalia mwisho, tena kwa jicho moja. Kitu kikiwa chini sana au kiko karibu na chuma, namba zinarukaruka hovyo, lakini mlio bado unakwambia ukweli.

---

Kifusi_Sambaru

Salaam wakuu. Umeongea vizuri mtoa mada, ila hayo ya kuchagua ni ya sarafu. Sisi tunaotafuta dhahabu hatuna anasa hiyo.

Nipo upande wa Singida, nimezunguka machimbo ya Sambaru na Londoni miaka kadhaa. Punje ya dhahabu iliyo ndogo hailii kwa fahari. Inakaa chini kabisa kwenye kipimo, jirani na ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, na kwenye udongo wetu mwekundu wenye madini ya chuma inaweza kusomeka kama chuma chenyewe. Mimi natumia Gold Monster 1000, detekta ya dhahabu, ina kile kipimo cha kukwambia uwezekano wa dhahabu ni mkubwa au mdogo, na ina sehemu ya kukataa chuma. Naiweka isikilize metali zote. Nimeshatoa punje ambazo mwanzoni kipimo kilielemea kwenye chuma, nilipokwangua udongo wa juu sentimita tano ndipo kikageuka. Kwa hiyo sheria yetu huku: imelia, kwangua. Ikizidi kulia, chimba. Hata kama ni risasi ya gobole, chimba.

Wenye detekta za GPX 5000 ndio kabisa, maana zile zinafanya kazi kwa mapigo ya sumaku, na kuchuja chuma si kazi yake. Ina kitufe cha kukataa chuma lakini kinasaidia kwa chuma kilicho juujuu tu. Kule unasikiliza mkunjo wa sauti: inapanda kisha inashuka, au inashuka kisha inapanda. Kwa mipangilio ya kawaida punje ndogo hupanda kisha kushuka, kipande kikubwa cha chini kinaweza kugeuza. Chuma nacho kinaweza kuigiza vyote viwili, ndiyo maana tunatembea na sumaku kwenye mpini wa sururu.

Halafu jiwe la moto. Si la moto kweli, ni jiwe lenye chuma nyingi, linalia kama mali. Mlio wake ni mpana, umelegea, hauna kitovu. Ukiinua koili kidogo tu unakufa ghafla, wakati metali inafifia taratibu.

---

DomLand

Sumaku kwenye mpini wa sururu, hiyo nimeiba.

---

RedioMbao

Mimi ni mzee wa redio, vijana mnaniamsha. Hii habari ya kusikiliza mngurumo ili upate mlio mdogo ndani yake, sisi tuliijua zamani kwenye masafa mafupi. Usiku unatafuta stesheni, kuna mvumo, kuna miluzi, halafu ndani yake kuna sauti ya mtu inasoma habari. Hukuzima mvumo, ungezima na mtu. Ulikaza sikio.

Kwenye mashine zenye ule mvumo wa chini usiokatika, msiuzime. Uwekeni mdogo kiasi cha mbu aliye chumba cha pili. Kitu kilichozama sana hakitatoa mlio, kitautikisa tu ule mvumo. Na vaeni hedifoni, upepo wa Dodoma unakula milio yote midogo. Ila sauti isiwe kubwa. Rafiki yangu aliyefanya kazi mashine ya kusaga miaka ishirini hasikii tena milio myembamba. Kwa mtu wa hivyo, kama detekta yake inaruhusu kubadili milio, ashushe ule wa juu hadi usawa anaousikia vizuri.

Swali kwa mtoa mada: ukishusha mchujo na mashine ikawa inapiga kelele hata hewani, unafanyaje?

---

ChomeleaDom

Mzee wangu RedioMbao, shikamoo. Umegusa penyewe.

Mashine ikiwa haitulii, watu wanakimbilia kupandisha mchujo. Mimi napunguza nguvu ya usikivu kwanza. Inapoteza kina kidogo, lakini bado unasikia kila aina ya metali. Kisha nahama na nyaya za umeme. Nilijaribu kiwanja kimoja kilicho chini ya laini kubwa, mashine iliimba kwaya nzima bila kitu ardhini. Kubadili masafa kama mashine inaruhusu nako kunasaidia.

Na kabla ya yote, linganisha mashine na udongo. Tafuta sehemu isiyo na metali, pandisha na kushusha koili mpaka sauti isibadilike. Udongo wa Kongwa na ule wa mbuga nyeusi ya Bahi si ndugu. Ukitoka huku kwenda kule bila kulinganisha upya, utalaumu mashine bure.

---

Mpwapwa_Binti

Kuna kitu hamjakitaja. Kwenye mahame ya zamani, pale tembe zilipokuwa, mashine yangu ililia vizuri sana sehemu moja. Nikachimba hadi kiwiko, hakuna metali. Ikawa inalia kwenye udongo wenyewe niliotoa! Bibi yangu alikuja akaangalia akacheka: "Mjukuu wangu, hapo palikuwa na mafiga."

Udongo uliochomwa na moto miaka na miaka hubadilika, ile kutu ya asili ndani yake inakuwa na sumaku zaidi. Mashine inauona tofauti na udongo wa pembeni. Sasa nikisikia mlio mpana uliolegea halafu naona majivu na vigae, najua nipo jikoni kwa mtu.

Ila nikishapata jiko, nazunguka hatua tano sita kulizunguka na mchujo chini kabisa. Watu walikaa hapo jioni, walidondosha vitu hapo. Nimepata senti kumi tatu za Afrika Mashariki, zile zenye tundu katikati, na kipini cha shaba. Hicho kipini kilikuwa chembamba kama uzi, mlio wake haukuzidi pumzi.

---

Kifusi_Sambaru

Na kichuguu je? Nako kuna nyakati kunalia.

---

Mpwapwa_Binti

Kichuguu sijawahi kukichimba, naogopa nyoka.

---

Juma_wa_Rupia

Wakuu mimi niende kwenye pointi. Kuna mahali karibu na reli ya kati, wazee wanasema Mjerumani aliacha sanduku la rupia na dhahabu wakati wa vita. Kuna jamaa ana mashine yenye antena mbili, inaonyesha mali kutoka mita mia tano, anataka tuchange. Mchujo wake uwekwe wapi?

---

ChomeleaDom

Mchujo wake uweke kwenye mfuko wako, ndugu yangu, ufunge zipu.

Nakujibu kwa upendo. Detekta ya kweli kwa sarafu moja inasikia sentimita ishirini, thelathini ukibahatika. Sanduku zima litasikika chini zaidi ya hapo, lakini utakuwa umesimama juu yake. Hakuna inayonusa rupia mita mia tano. Zile antena mbili mkononi zinageuka kwa kifundo cha mkono wa aliyezishika. Mtihani wake mwepesi: mfunge kitambaa machoni, ficha sarafu ya mia mbili chini ya moja kati ya ndoo kumi, mwambie aionyeshe. Mara tano mfululizo.

Na kuhusu reli: ilifika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma 1914, kwa hiyo ni kweli Wajerumani na pesa zao walipita hapa. Dhahabu ya Sekenke, huko Iramba, ndiyo waliyoitumia kutengeneza ile sarafu ya rupia 15 yenye tembo pale Tabora mwaka 1916. Hiyo ni historia. Lakini ukiletewa mfuko wa hizo barabarani, ujue kinachochimbwa ni wewe. Eneo la reli lenyewe usikanyage na sururu, utakamatwa na hutakuwa na la kujitetea.

---

Juma_wa_Rupia

Mtihani wa ndoo nimempelekea. Amesema mali haipendi kujaribiwa.

---

DomLand

😂😂😂 Mali ina hasira.

---

Mpwapwa_Binti

Kabla uzi haujageuka kijiwe, sheria kidogo. Vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863 ni malikale chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na kuchimba ukivitafuta kunahitaji kibali. Miamba yenye michoro ya Kondoa ni urithi wa dunia tangu 2006, usiende na koili huko hata kwa utani. Dhahabu inataka leseni, na ukiipata unaiuza kwenye soko la madini, si kwa mtu wa pikipiki. Shamba la mtu unaomba kwa mwenyewe, na mimi huwa napita kwa mwenyekiti wa kijiji pia, maana mgeni mwenye mashine na hedifoni anazua maneno hadi jioni.

Mtoa mada, hapo Kongwa kulikuwa na kambi ya wapigania uhuru. FRELIMO, ANC, SWAPO walikaa hapo miaka ya sitini. Kuna makaburi. Umbali wako ukoje na pale?

---

ChomeleaDom

Asante dada. Kule siendi na mashine kabisa. Nimekwenda mara moja mikono mitupu, kuangalia tu. Shamba la mjomba ni mbali na pale.

Na nimekumbuka: ukiwa na mchujo chini utasikia maganda ya risasi, ya shaba, yanalia vizuri kuliko sarafu. Ganda tupu halina neno. Ukikutana na kitu kizito cha chuma chenye umbo la chupa au yai na hukielewi, usikiguse, usikigonge, weka alama, ita polisi. Mimi ni mchomeleaji, nimeona watu wanaleta vyuma vya ajabu wanataka vikatwe kwa moto. Nawafukuza.

Na fukieni mashimo. Ndama wa mjomba aliteguka mguu kwenye shimo langu la mwezi wa saba. Nimelipa.

---

Itigi_Mtembezi

Hii mashine inashika rubi? Niko na ndugu kule Winza, wanakochimba rubi.

---

Kifusi_Sambaru

Hapana mkuu. Rubi ni jiwe, si metali. Haitakohoa hata.

---

DomLand

Wakuu nimerudi, ni wiki mbili. Nilifanya zoezi nyuma ya nyumba kabla ya kwenda popote. Nikafukia sarafu ya mia mbili peke yake, nyingine ya mia mbili na msumari pembeni kwa upana wa vidole viwili, kizibo cha soda, karatasi ya biskuti, na sarafu ya mia tano. Kila asubuhi kabla ya kazi napita dakika kumi na macho nimefumba, mke wangu anadhani nimeingiliwa.

Mambo niliyoyaona: ya mia mbili peke yake inalia hata mtoto angeijua. Ile yenye msumari, mchujo ukiwa juu haipo duniani, ukiwa sifuri ipo, ila ukipita kwa upande mmoja tu. Nikipita toka mashariki kwenda magharibi nasikia, kaskazini kwenda kusini namsikia msumari peke yake. Na ya mia tano imenishangaza. Inanguruma na kulia, inanguruma na kulia, kama haijui ni nini. Mchujo ukipanda inazimwa!

---

ChomeleaDom

Mkuu ya mia tano ichukue uisogeze kwenye sumaku.

---

DomLand

Inanasa! Kumbe ni chuma kilichovikwa nikeli. Kwa hiyo na mchujo juu ningeipita hela yangu mwenyewe.

---

RedioMbao

Sasa hamisha ule msumari ulale juu kabisa ya sarafu, si pembeni. Koili kubwa au ndogo unayo?

---

DomLand

Ninayo iliyokuja na mashine, inchi kumi na moja.

---

ChomeleaDom

Kwenye vyuma vingi hivyo azima ndogo, ya inchi sita. Inaona eneo dogo kwa wakati mmoja, msumari na sarafu vinatengana zaidi. Nina moja, njoo uichukue gereji. Jumamosi saa moja asubuhi natoka kwenda Kongwa, ukiwahi kuna nafasi kwenye pikipiki. Kofia ngumu uje nayo.

---

DomLand

Nimeshaitoa kabatini.